Mapigo Yaliyongoja Shikamoo

Binti yangu wa mwisho, yule anayeishi Dar es Salaam, alipokuja likizo aliniletea saa. Si saa ya mishale kama ninazozijua mimi. Ni kidude cheusi cha mpira, kioo chake kinawaka ukikigusa, na ukikigeuza mgongoni kina taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi. Alinifunga mkononi mwenyewe, huku akinieleza kwamba kuanzia siku ile nisihangaike tena. Saa itahesabu hatua zangu, itahesabu usingizi wangu, na zaidi ya yote itahesabu mapigo ya moyo, maana daktari ameniambia nitembee kila asubuhi lakini nisiukimbize moyo kupita kiasi. Nikashukuru, tena kwa moyo mweupe kabisa.

Kesho yake kulipokucha tukatoka wawili, tukashika njia ya Ntalikwa. Mimi sitembei kizee. Nina miaka sabini na kitu, lakini nikishika njia nimeshika njia, na binti yangu, mtu wa kukaa ofisini, alikuwa anahema nyuma yangu. Tulipomaliza kamwinuko ka kwanza nikamwomba anisomee saa, kwa sababu miwani nilikuwa nimeiacha. Akasoma tisini na nne. Nikamwambia haiwezekani. Nikaweka vidole viwili shingoni, nikamwambia atazame sekunde kumi na tano kwenye simu yake, nikahesabu thelathini na mbili. Zidisha kwa nne, ni mia na ishirini na nane. Akasema labda mkanda umelegea, akaukaza. Tukaenda tena. Safari hii saa ikaruka mpaka mia na hamsini na mbili, nami mwendo wangu ulikuwa ule ule. Nikajihesabu, nikapata ile ile mia na ishirini na kitu. Nikacheka peke yangu. Kidude kilikuwa kinahesabu kishindo cha miguu yangu, moyo hakikuuona.

"Mama," binti yangu akasema, "saa haiwezi kukosea. Labda wewe ndiye unakosea kuhesabu."

Nikasimama katikati ya barabara. Yeye alidhani nimechoka. Sikuchoka, nilipandwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa yake yeye. Ilikuwa ya zamani sana. Nilishaambiwa maneno hayo nikiwa na miaka kumi na tisa, na mtu ninayemheshimu, na kidogo yanivunjie jina mbele ya baba yangu. Nikamwambia twende pole pole, nimsimulie.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Mimi nilikuwa mwanafunzi katika chuo kidogo cha ualimu nje ya mji wa Tabora, wavulana na wasichana pamoja. Tulisoma asubuhi, mchana tukashika majembe. Mahindi tuliyokula tuliyalima wenyewe, matofali ya bweni tuliyafyatua wenyewe. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu wa mjini, wa zile familia za Waislamu za siku nyingi, baba yake fundi cherehani. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe, siku nyingine kaptula ya kaki na soksi ndefu zilizovutwa hadi magotini. Sauti yake ilikuwa ndogo, na sikuwahi kumsikia akimtukana mtu. Kwa adabu, wallahi, sijaona wa pili wake.

Basi mwaka ule alipelekwa kwenye mafunzo ya wiki kadhaa, akarudi na vitu viwili. Kimoja ni saa ya mkononi yenye mshale mwembamba wa sekunde. Kingine ni elimu ya kuhesabu mapigo ya moyo. Alitukusanya uwanjani akatueleza kwamba moyo hausemi uongo. Mtu anaweza kukunja uso, anaweza kuhema kwa makusudi ili aonekane kachoka, lakini ukimshika kwenye kifundo cha mkono, hapa chini ya kidole gumba, ukahesabu robo dakika na kuzidisha kwa nne, utajua amejituma kiasi gani. Aliyefika mia na sabini amejitoa mzima mzima. Asiyefika mia na hamsini ameficha nguvu.

Chuo kilitakiwa kupeleka timu ya mbio Dar es Salaam, kwenye mashindano ya vyuo. Wavulana sita, wasichana wanne. Mwalimu akasema hatachagua kwa kutazama nani amefika wa kwanza. Mbio mtu anazaliwa nazo, alisema, lakini kujituma mtu anachagua, na nchi yetu inajengwa na wanaojituma. Timu itachaguliwa kwa daftari la mapigo. Tulimpigia makofi. Hata mimi nilipiga, na kwa nguvu.

Kila Jumamosi tulikimbia kwenye ile barabara ya zamani ya wapagazi, kutoka lango la chuo hadi mwembe wa mwisho na kurudi. Mwalimu alisimama langoni na saa yake. Ukifika unahesabiwa, namba inaandikwa. Jumamosi ya kwanza niliwashinda wasichana wote, nikapata mia na ishirini na nane. Ya pili nikawashinda tena, mia na ishirini na nne. Ya tatu nilikuwa wa pili, mia na thelathini na mbili. Wavulana waliofika nyuma yangu, wengine wakijikokota, walikuwa na mia na sabini na mbili, mia na themanini.

Baada ya Jumamosi ya tatu Mwalimu aliniita ofisini. Alinifungulia daftari, akanionyesha mstari wangu kwa kalamu, uso wake una huzuni ya kweli. Alisema nina kipaji, ila nimekikalia. Alisema anayeshinda bila kujichosha anawadharau wenzake. Nilipotaka kujitetea, akalifunga taratibu na kusema lile neno ambalo sijalisahau mpaka leo.

"Daftari halina upendeleo, mwanangu. Moyo wako ndio uliojiandika."

Kiranja mmoja alikuwa mlangoni anangoja zamu yake. Jioni ile ile bwalo zima lilishanipa jina la mtu anayekwepa kazi. Mtegaji. Nikibeba ndoo naulizwa, Mtegaji, leo nawe umebeba? Nikishika jembe, wenzangu wanalipima kwa macho kama ni zito. Vijana wa leo hawawezi kujua uzito wa neno lile. Miaka ile redioni na magazetini asiyejituma aliitwa kupe, mnyonyaji, adui wa wenzake. Mtu aliweza kukusamehe ukiwa mwizi wa mahindi kuliko ukiwa mtegaji.

Kibaya zaidi ilikuwa barua. Chuo kilikuwa na desturi ya kuwaandikia wazazi kuhusu bidii ya mtoto. Baba yangu alikuwa Tura, anafanya kazi kwenye genge la reli, kushindilia kokoto na kubadilisha mataruma yanayobeba reli, jua likiwaka. Hakujua kusoma. Barua zake zote alisomewa na karani wa stesheni, na karani yule alisomea pale pale jukwaani, kwa sauti, genge zima likiwa limekaa linakunywa uji. Ndivyo wenzake wote walivyosikia kwamba binti wa fulani ana kipaji lakini hajitumi. Baba akanitumia salamu kwa mdomo, kwa mfanyakazi wa treni. Salamu zilikuwa fupi. Babu yake alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani na hakuutua mzigo njiani mpaka kambini. Yeye mwenyewe hajawahi kuutua. Atakuja Jumamosi ya mwisho, siku timu inapotajwa, aone kwa macho yake ni nani katika ukoo ametua mzigo.

Zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili. Nilimjua baba yangu. Kama jina langu halikutajwa siku ile, angerudi Tura na neno mtegaji kifuani, na angekufa nalo.

Jumamosi iliyofuata nilikimbia kufa na kupona. Nilipita wavulana, nikabaki na watatu tu mbele yangu. Karibu na lango nilitapika kando ya njia, nikafuta mdomo kwa mkono, nikaendelea. Nilimfikia Mwalimu siioni ardhi. Nikapiga magoti, nikaamkia, nikaulizwa hali, nikajibu, nikatoa mkono. Akahesabu. Mia na ishirini na nane. Nilitaka kulinyakua lile daftari nilichane, na Mungu ndiye aliyenishika mikono.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi tulivyosalimia, maana ndipo penyewe. Kwetu msichana haamkii mkubwa akiwa amesimama. Unashuka kwa magoti yote mawili, unainamisha macho, unasema shikamoo, unangoja marahaba. Kisha unaulizwa hujambo, unaulizwa wa nyumbani, unaulizwa mvua, na kila swali lina jibu lake na halirukwi hata kama mapafu yako yako mdomoni. Mwalimu naye kwa hilo alitushinda. Kumshika mkono binti wa watu kabla ya kumjulia hali aliona ni ukosefu wa adabu. Akimaliza salamu, anaingiza mkono mfukoni, anatoa leso nyeupe iliyopigwa pasi, anaikunjua, anaitandika juu ya kifundo cha mkono wako, ndipo anatafuta mapigo juu ya kitambaa, ili ngozi yake isiguse ngozi ya mwari. Wavulana je? Wavulana walifika mbio, shikamoo wanaisema mkono umeshanyooshwa, naye anaudaka kama anavunja hindi.

Kila Jumamosi sote tulikuwa tunayaona hayo, na hakuna aliyeyaona. Sisi tuliona heshima. Nani anahesabu sekunde za heshima?

Aliyenifungua macho ni mwenzangu wa chumba kimoja, binti wa wakulima wa tumbaku kutoka Ipole. Alikuwa mkimbiaji hodari na mpole kupindukia. Yeye hakuridhika na shikamoo peke yake. Aliongeza na mwangaluka ya Kinyamwezi, na maulizo yake yote, taratibu, kama anamsalimia mkwe. Katika daftari alikuwa wa chini kabisa, mia na kumi na mbili, na alikuwa ameshakata tamaa. Jumapili ile tulikuwa tunafua, mimi nalalamika, yeye ananisikiliza. Akasema, kwa mzaha tu, kwamba nyumbani kwao alikuwa akitumwa mbio kutoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, moyo unampiga mpaka masikioni, lakini akishamaliza kumsalimia baba na baba wadogo mmoja mmoja, moyo umeshalala.

Niliacha nguo kwenye sabuni. Nikamwambia vaa viatu, twende mjini.

Tulihitaji saa, na wanafunzi hatukuwa nazo. Lakini stesheni ya Tabora kulikuwa na saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, unaionea dirishani. Tulikimbia kutoka langoni mpaka stesheni, wawili, vitenge tumevifunga juu ya kaptula, watu wanatupisha njia wakidhani kuna msiba. Tulipofika jukwaani nikaweka vidole mkononi pale pale, mwenzangu akitazama mshale. Arobaini na tano kwa robo dakika. Mia na themanini.

Palikuwa na mzee anauza karanga, amekaa juu ya gunia. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwamkia. Maskini, alishtuka, lakini alikuwa mtu wa watu. Akaitika marahaba, akauliza hali yangu, akauliza wa nyumbani, akauliza tunatokea wapi. Nikajibu yote. Kisha nikahesabu tena. Thelathini na moja. Mia na ishirini na nne, kama ilivyoandikwa kwenye daftari la Mwalimu. Tukarudi tukakimbia tena hadi njia panda na kurudi, ikawa zamu ya mwenzangu. Yeye alifika na arobaini na sita, na baada ya salamu zake ndefu akabaki na ishirini na nane. Mara ya tatu yule mzee akatuuliza kwa upole kama tumetumwa na mtu, au kama kuna nadhiri tunaitimiza. Tukanunua karanga zake kwa aibu, tukarudi tunacheka njia nzima. Mimi kicheko changu kilikuwa nusu hasira.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Nilieleza vizuri, kwa adabu zote, nikiwa nimepiga magoti. Nikasema moyo haungoji, Mwalimu, unashuka wakati tunaamkiana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika, si kwa ukali, ila kama mtu aliyeambiwa chakula cha mkewe si safi. Aliuliza kama nataka asiamkiwe tena na wanafunzi wake. Nikasema hapana. Aliuliza kama nataka awashike mabinti wa watu bila leso. Akasema moyo wa mtu aliyejituma kweli hauwezi kutulia kwa dakika moja, ndivyo anavyoamini, na kwamba saa yake haijui nani mvulana nani msichana. Akanirudisha darasani kwa upole ule ule. Nilitoka pale nimeamua. Maneno hayakutosha, basi nitamwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki ile nilijifunza jambo moja tu, gumu kuliko kukimbia. Nilijifunza kutopiga magoti. Mwenzangu wa Ipole alisimama nyuma ya bweni akajifanya ndiye Mwalimu, mimi nakuja mbio, nikimfikia magoti yanakunjika yenyewe. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, halafu nikaacha kucheka, maana niliona jinsi ilivyo ngumu. Miguu iliyofundishwa na mama yangu tangu sijaota meno ya ukubwa haikutaka kunisikiliza. Kila jioni nilirudia. Ilipofika Ijumaa niliweza kufika nimesimama, ingawa mwili wote ulikuwa unaona haya.

Jumamosi baba alishuka na treni ya asubuhi. Alikuja amevaa koti lake moja, buti za kazi amezipaka mafuta, kofia ameishika mkononi. Nilimwamkia kwa magoti kabla ya mbio. Aliitika kwa ufupi, macho yake ameyapeleka mbali. Nilidhani atakaa kivulini pamoja na wazazi wengine. Kumbe alikwenda kusimama langoni, bega kwa bega na Mwalimu, mahali hasa ambapo ningepaswa kufika. Hilo sikulitegemea.

Tukaachiwa. Sina mengi ya kusema juu ya mbio zile, maana sikuwa naona barabara. Nilikuwa naona magoti yangu. Kwenda nilijisemea usishuke, kurudi nilijisemea usishuke. Mwembe wa mwisho niliupita nikiwa wa pili kwa wote, wavulana wakiwemo. Kwenye ule mwinuko wa kurudi pumzi ilikuwa kisu. Niliona lango, nikaona kofia ya baba, nikaona kaki ya Mwalimu, na watu wote wa chuo pande mbili wanamtazama Mtegaji.

Nilifika mbele yao. Magoti yakataka kukunjika, nikayakaza. Nikampita baba yangu mzazi bila shikamoo, nikamnyooshea Mwalimu mkono.

"Hesabu, Mwalimu," nikasema. "Sasa hivi."

Watu waliguna. Mkono wa Mwalimu ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta leso. Nikamwambia leso baadaye. Nadhani ni mshtuko tu uliomfanya anishike, kwa vidole vyake vitupu, mbele ya baba yangu. Alitazama mshale. Midomo ilikuwa inacheza. Robo dakika ilipokwisha hakuniachia. Aliitazama saa kama imebadilishwa na wezi. Kisha akasema namba kwa sauti yake ndogo, arobaini na saba, na kiranja wa daftari akazidisha, akarudia kuzidisha, akasema mia na themanini na nane.

Baba hakuisikia hesabu. Alikuwa amesikia kitu kingine.

"Umenipita," aliniambia, "kama unapita mti."

Hapo nikashuka. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikamwamkia baba, nikangoja. Alichukua muda mrefu kuitika. Nikamwamkia Mwalimu, naye akaitika, akaniuliza hali kwa mazoea, nikajibu kila kitu, hata habari za mvua. Wakimbiaji wengine walikuwa wanafika na kusimama kando, hakuna aliyewahesabu. Nilipomaliza nikanyoosha mkono nikiwa bado magotini, machozi yananitoka na siyafuti, nikamwomba ahesabu tena, na safari hii atandike leso. Akaitandika. Akahesabu. Thelathini na moja.

Alisimama na daftari lake. Akafungua Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, anasoma mistari ya wasichana peke yake. Wakati huo mwenzangu wa Ipole alifika, akaanza kushuka kwa magoti yake mapole. Mwalimu akamdaka kifundo cha mkono kabla goti halijagusa chini, akahesabu, arobaini na sita. Akamwachia. Kisha akamgeukia baba yangu, akavua kofia yake.

"Mzee," alisema, "huyu hajakosa adabu. Mimi ndiye niliyekosa hesabu."

Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya namba zote za wasichana, Jumamosi zote nne, mbele yetu sote. Halafu akakaa chini kwenye nyasi, na soksi zake nyeupe. Nilikuwa nimengoja wiki nzima kumwona ameshindwa, na nilipomwona pale chini nilimhurumia. Mtu yule hakutuonea kwa ubaya. Alitupunja mapigo yetu kwa sababu alituheshimu, nasi tukapunjwa kwa sababu tulimheshimu. Baadaye, nilipokuwa nafundisha mimi mwenyewe, nilisoma kwamba moyo ulio hodari ndio unaotulia upesi. Kwa hiyo yule wa mia na kumi na mbili, wa mwisho kwenye daftari, ndiye aliyekuwa bora kuliko sisi wote. Alipofika Dar es Salaam alishinda. Mimi nilikuwa wa nne.

Lakini siku ile baba hakuridhika na kufutwa kwa namba. Alisema barua ile ilisomwa mbele ya watu, na ya kuifuta isomwe mbele ya watu. Mwalimu akaiandika pale pale nyasini, juu ya goti lake. Baba akaitia katika koti bila kuuliza imesema nini.

Jumatatu timu, mimi na mwenzangu wa Ipole tukiwemo, ilipanda treni, na baba alisafiri nasi kurudi Tura. Alikaa benchi la mbele yangu daraja la tatu, mkono juu ya mfuko wenye barua. Mimi nilijua bado ananuna kwa ile salamu. Tulipokaribia Tura ndipo alipouliza, anatazama nje, ni wapi hasa Mwalimu alikuwa anashika. Nikamwonyesha kwa haraka, maana treni ilikuwa inapunguza mwendo na yeye anasimama.

Jua lilikuwa bado halijazama. Genge lake lote lilikuwa jukwaani. Nilimwona akimpa karani barua, karani akaifungua na kuanza kusoma kwa sauti, na watu wakasogea. Baba hakungoja kusikia. Alirudi mbio kwenye dirisha langu. Nilikuwa natafuta namna ya kumuaga, siwezi kupiga magoti ndani ya treni iliyojaa, nikaanza kuinama hivyo hivyo.

"Acha kwanza," akasema. "Nipe mkono."

Nikautoa dirishani. Akaushika kwa kidole gumba chake kigumu cha kokoto, lakini aliushika juu, mgongoni mwa kifundo, kwenye mfupa, mahali ambapo hapapigi kitu. Filimbi ikalia, treni ikajivuta. Akatembea nayo, hakuniachia, midomo inacheza kama anahesabu.

"Unapiga vizuri," akasema.

Kisha jukwaa likaisha.

Tulipofika Ntalikwa binti yangu akanishika mkono. Akaniuliza kama anivue ile saa, airudishe dukani. Nikamwambia aiache. Inakaa hapo hapo juu ya mfupa, alipopashika baba, na tangu siku ile naivaa kila asubuhi. Nikitaka hesabu, naweka vidole shingoni.